Sindano Iliyotulia

Kuridhika kabla ya kuhakiki ni kosa linalovaa sura ya uzoefu. Ndilo ninalotaka vijana wa fani yetu walitambue.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika mtambo wa kusafisha maji pale Ufukoni, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Mkuu wa Kituo alinionyesha mitungi mirefu iliyojaa nyuzi nyeupe, kila uzi ukiwa na uwazi katikati.

"Huu ndio utando," alisema. "Maji hupenya, vijidudu hubaki nje."

Kuupima, tuliulowesha, tukaingiza hewa upande mmoja, tukafunga valvu, kisha tukaitazama sindano ya geji ya shinikizo. Utando mzima huizuia hewa; uliotoboka huiachia, na sindano hushuka. Niliupenda ukimya ule. Kituo kizima kilikuwa kana kwamba kimevuta pumzi na kuibana.

Baadaye nilihamishiwa kwenye mtambo mdogo karibu na mdomo wa Ruvuma, uliohudumia zahanati. Masika moja maji ya mto yaliingia mtamboni yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Dada yangu alikuwa amelazwa pale zahanati, amejifungua usiku uliopita.

Msimamizi alipima utando, akatabasamu. "Sindano imetulia. Wafungulie maji."

Mkaguzi wa ubora wa maji, mama wa Kimakua aliyetoka Mtwara mjini, aliinamisha kichwa akisikiliza.

"Mzee, kompresa bado inanguruma. Valvu hujafunga. Hewa inayovuja, kompresa inaijaza tena, ndiyo maana sindano haishuki."

"Dada, wazazi wana kiu. Au utawanyonyesha wewe?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. "Nitawachemshia ya kisima. Funga."

Msimamizi akafunga. Sindano ikaanza kushuka taratibu, kama kope za mtu anayesinzia. Katika bomba angavu mapovu yakapanda, moja nyuma ya jingine, yaking'aa kwa jua la asubuhi. Yalikuwa mazuri mno. Na kila moja lilionyesha tundu ambalo uchafu ungelipitia hadi kinywani mwa dada yangu.

"Msiwafungulie," Msimamizi alisema kwa sauti ndogo.

Tulishinda tukiutafuta uzi uliokatika, tukauziba kwa pini, tukapima upya. Mkaguzi alijifunga khanga kiunoni, akakoka moto, akabeba sufuria mwenyewe hadi wodini.

Sasa nimestaafu, naishi Chikongola, na mara nyingine mapovu yale hunijia ninapofumba macho. Uzoefu usiokubali kuulizwa ni hatari kuliko ujinga, kwa kuwa watu huuamini. Dada yangu hakuwahi kuyaona mapovu. Alimwona tu mwanamke aliyeingia na maji ya uvuguvugu, akampakata mtoto ili mama anywe, na binti yule akapewa jina la Mkaguzi: Somoe Nantanga.