Saa Ishirini na Tano Zilizokosa Nafasi

Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu, alitunza kanda za redio tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na rafu mpaka darini, mashine moja ya kuchezea kanda za magurudumu, na stuli ambayo hakuna mwingine aliyethubutu kuikalia. Siku zile sauti ilikuwa na unene. Ulitazama utepe kwenye gurudumu ukajua kwa macho kipindi kimebaki kiasi gani. Leo sauti za umati mzima zinaingia kwenye kijisanduku cha mfukoni, na hata ukikitikisa hakisemi kitu.

Jengo la redio lilipouzwa, wakubwa walimpa kijisanduku kimoja cha aina hiyo, kimeandikwa giga mia tano, anakili kanda zote kabla hazijatupwa. Akapiga hesabu. Saa moja ya sauti ilikula mega mia sita, na saa zote zilikuwa mia nane na ishirini. Akapata mega laki nne na tisini na mbili elfu, akaziita giga mia nne tisini na mbili. Zinaenea, akasema. Akanakili kwa miezi, rafu baada ya rafu. Kanda za mumewe, aliyezunguka wodi za hospitali akirekodi salamu za wagonjwa, aliziacha mwisho, asije akaambiwa anajipendelea.

Alipofikia rafu ya mwisho, nilimpelekea chai nikamkuta amesimama. Kompyuta imegoma, kisanduku kimejaa, na rafu ya kaka yangu haijaguswa. Akamwita fundi wa kompyuta.

"Mama, giga ya kompyuta ni mega elfu moja na ishirini na nne, si elfu moja. Mega zako ukizigawa hivyo, unapata giga mia nne na themanini."

"Basi zimepungua! Si ndiyo afadhali?"

"Ngoja. Aliyetengeneza kisanduku kahesabu kwa elfu elfu. Mia tano zake, kompyuta inaziona mia nne sitini na tano."

"Jina moja, vipimo viwili," nikadakia. "Enzi zetu muuzaji wa hivyo angefukuzwa sokoni."

"Shemeji, kelele zako ndizo zimejaza humu," akanijibu. Hakucheka.

Zilikosekana giga kumi na tano, yaani saa ishirini na tano. Kisanduku kingine kingenunulika, lakini kanda hunakiliwa kwa mwendo wake, saa kwa saa, na mashine ile, ya mwisho tuliyoijua, ilikwishauzwa. Wabebaji wa kuichukua, tuliowatazamia wiki iliyofuata, walikuwa wametuma habari kwamba wangekuja jioni hiyo hiyo. Muda ulitosha kanda moja tu.

"Futa hotuba ya kuzindua daraja," akamwambia fundi. "Daraja lenyewe lilishabomoka."

Nilidhani atachukua kanda ambamo kaka anacheka na wauguzi. Akachukua ya mama mmoja mahututi aliyekuwa akiwaaga wanawe. Humo kaka yangu anauliza swali moja tu.

"Na mumeo?" nikamuuliza shemeji.

"Mume wangu nilimsikia mpaka nikamchoka, shemeji, na bado namsikia. Watoto hao walikuwa wachanga mno kuikumbuka sauti ya mama yao."

Mimi ningemchagua kaka yangu.

Wabebaji walifika kanda haijaisha. Akawaonyesha kidole mdomoni. Wakasimama mlangoni, kamba mikononi, mpaka yule mama alipomaliza kuwataja wanawe mmoja mmoja. Kisha wakachomoa waya wa mashine.