Siku Nilipoinyamazisha Mashine

Siku ninayotaka kukueleza, mwanangu, ilikuwa Jumanne, wiki chache kabla ya mvua za kwanza, miaka ile nchi yetu ilipoitwa Zaïre. Vita vilikuwa vimepita Kolwezi na kutuachia makombora ambayo hayakulipuka, yakiwa yamezama ndani ya mashamba ya watu. Nimelala katika miji mingi tangu wakati ule, na mingine nimeisahau hata jina. Jumanne ile sijaisahau.

Shule niliiacha mapema. Hakuna aliyenifukuza, nilichoka tu kukaa. Nilidandia treni za mizigo kutoka Dilolo hadi Mutshatsha, nikafanya kibarua katika mgodi wa Kisenge, kwenye mawe meusi ya manganizi, na kila nilipofika nilifungua kitu nione ndani kuna nini: redio, saa, pampu ya maji. Udadisi huo ndio ulionifikisha kwa Tata Kabeya.

Alikuwa mzee wa Kasai aliyebeba vyombo vya wapimaji wa madini tangu ujana wake. Baada ya vita parokia ilipata mashine ya kutafuta chuma kilichofukiwa ardhini. Tuliiita detekta: fimbo yenye sahani chini, visikilizio vya kuvaa masikioni, na butoni mbili za kuzungusha. Tata Kabeya aliombwa apime mashamba ya nje ya mji ili akina mama wapate kupanda. Tukisikia chuma, tuliweka kijiti chenye kitambaa chekundu, na wanajeshi walikuja kukichimbua. Mzee alihitaji miguu yenye nguvu. Mimi nilitaka kujua sahani inawezaje kusikia kitu kisichotoa sauti.

Alinifundisha polepole. Butoni ya kwanza ni ya kuizoesha mashine udongo: unainua sahani, unaishusha, unazungusha kidogo kidogo mpaka sauti isipande wala kushuka. Ya pili ni ya usikivu: unaipandisha mpaka mashine ianze kupiga kelele ovyo, kisha unairudisha kidogo tu, pale inapotulia. Ukiirudisha zaidi ya hapo, umeipunguzia kina.

Na alikuwa na kawaida moja aliyoishika kama sala. Kabla ya shamba lolote, alizika kichwa cha jembe bovu kando ya njia ya miguu, mahali pasipo na hofu, kina cha kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Alipitisha sahani juu yake mpaka alisikie likiita, maana mashine isiyosikia jembe haitasikia kombora. Udongo ukibadilika rangi, alilifukua na kulizika upya, hata mara nne kwa siku, huku magoti yakimlia.

Jumanne hiyo homa ilimlaza. "Wende weye moja," aliniambia kutoka kitandani. "Lakini uzike jembe. Udongo ukibadirika, uzike tena. Unasikia?"

"Minasikia, Tata."

Shamba lilikuwa la Mama Ngalula, mke wa Tata Mukendi wa reli. Mama huyo ndiye aliyekuwa akituletea bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga kila mchana, na ulimi wake haukupumzika. Upande wa chini, karibu na kijito, udongo ulikuwa wa kijivu. Nilizika jembe, nikalisikia vizuri, nikaanza kazi. Akina mama walikuwa wameketi njiani na majembe yao, wakingoja.

"Ona vile anatembea," Mama Ngalula akawaambia wenzake. "Polepole, sawa muntu anabembeleza bibi aliyekasirika! Si umuoe tu hiyo mashine?"

"Anaogopa mahari, Mama," mwingine akajibu, wakacheka wote. Nami nilicheka.

Saa sita nilifika upande wa juu. Pale udongo ulikuwa mwekundu, umejaa vijiwe vyeusi. Mashine ikalia kila nilipoigusisha chini. Kila hatua kelele, na hakuna mahali pa kuweka kijiti. Mimi niliyetoka Kisenge nilipaswa kujua kwamba mawe yale yana chuma ndani yake, na kwamba ilinibidi nirudi njiani, nizike jembe, nianze upya.

"Inalia sawa mutoto balimukatisha ziwa!" Mama Ngalula akapaza sauti. Kisha akatazama mawingu, na safari hii hakutania. "Mutoto wangu, mvula inakuya. Batoto batakula nini mwaka huu?"

Nikaona aibu. Nikairudisha butoni ya usikivu, nikairudisha tena, mpaka mashine ikatulia kabisa. Nilipita shamba lote la juu kwa mwendo wa haraka, na masikioni mwangu hapakuwa na kitu.

Mama Ngalula akaniuliza kama shamba ni safi, "Iko propre?"

"Iko propre, Mama. Mulime."

Alhamisi asubuhi jembe la Mama Ngalula liligonga kombora upande ule wa juu. Alifariki kabla hawajamfikisha barabarani.

Tata Kabeya aliinuka na homa yake. Hakunipiga, hakunitukana. Alinipeleka njiani, pale udongo ulipokuwa mwekundu, akachimba, akazika lile jembe bovu kwa kipimo chake.

"Weka butoni sawa vile uliweka Jumanne. Pita."

Nilipita. Kimya.

"Pita tena."

Kimya.

Kisha akachukua mashine mwenyewe. Aliinua sahani, akaishusha, akazungusha ile butoni ya kwanza ambayo mimi sikuigusa siku ile. Akapandisha usikivu, akaurudisha kidogo. Akapitisha sahani taratibu, ikikaribia kugusa ardhi. Jembe likaita kwa sauti moja, safi, katikati ya mnong'ono wa mawe. Hata bila visikilizio nililisikia.

"Ulitaka mashine inyamaze," alisema, "ao ulitaka kujua?"

Nikalifukua jembe. Jioni Tata Mukendi alikuja na kofia yake ya reli mkononi. Nilidhani amekuja kunishika shingo, na ningefurahi. Aliuliza tu, "Ile sehemu ingine, naweza kulima? Batoto balibakia na miye." Aliniuliza mimi, mwanangu, yuleyule aliyemwambia mkewe ni propre.

Kulipokucha nilidandia treni ya Dilolo. Miaka baadaye mtu wa reli alinisimulia kwamba mzee yule alilipima upya shamba zima peke yake, akijikokota kwa magoti, na kwamba alipata makombora mengine matatu. Nilipopata moyo wa kurudi, wote wawili, yeye na Tata Mukendi, walikuwa wamezikwa. Watoto walikuwa wametawanyika. Shamba limeota nyasi, na hakuna wa kumwomba msamaha.

Basi nakwambia wazi, kwa kuwa sina kingine cha kukupa. Ukipewa chombo chochote ambacho watu watakikabidhi maisha yao, kijaribu kwanza kwa kitu unachokijua, palepale utakapofanyia kazi, na kijaribu tena mahali pakibadilika. Kikikupigia kelele, usikinyamazishe ili upumzike. Tafuta kinachokipigisha kelele. Watu wakikucheka, wakikuhimiza, hata wakikulilia kwamba mvua inakuja, waambie, "Bado sijui." Maneno hayo mawili yangetosha Jumanne ile. Na ukikosea, baki. Piga magoti katika shamba lilelile ukamilishe kazi, hata kama hakuna atakayekusamehe.

Mungu akupe masikio mavumilivu kuliko yangu, mwanangu. Na yule atakayekuuliza kama anaweza kulima, Mungu amjalie avune.