Mlango Tulioingilia

Naikumbuka siku moja ya mvua pale Tingi, mwanangu, nilipokuwa msichana na sisi ndiyo kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa.

Kikao kilianzia uwanjani. Mvua ikatuingiza kwenye ghala la korosho, kijiji kizima. Nilikaa na shangazi yangu Somoe. Mwanawe, Hamisi, alikuwa mbele na watoto wenzake. Katikati ya mazungumzo rundo la magunia likaporomoka kwa kishindo, mtu akasema paa linaanguka. Hakuna aliyetazama juu. Sote tukauendea mlango tulioingilia, ilhali wa nyuma ulikuwa wazi, karibu kabisa na wale watoto.

Mimi nilisukumwa hadi nje. Shangazi alikwishafika kizingitini, akageuka.

"Hamisi yumo ndani," akaniambia, akarudi kinyume cha watu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kumbe Hamisi alishatokea mlango wa nyuma, yuko kisimani analia. Shangazi tulimtoa mwisho, amekanyagwa, hana pumzi tena. Paa halikuanguka hata bati moja.

Baada ya mazishi watu wakawa wanasema ni kudra. Mwalimu Salehe, aliyetusomesha madrasa, akasikiliza, kisha akasema taratibu, "Kudra ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini ule mlango wa nyuma, nani kati yetu aliwaonyesha watu kabla hawajaketi?"

Tangu hapo kila kikao tulikifungua kwa dua, halafu tukaonyeshana milango na mahali pa kuwakuta watoto.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulinionyesha kwenye kompyuta yako jinsi watu watakavyotoka uwanja wa mpira pakizuka hatari. Vitone vidogo, kila kimoja mtu, na vyote vikaenda mlango wa karibu. Kazi njema hiyo. Tahadhari kabla ya hatari; afadhali vitone vibanane kwenye kioo kuliko watu mlangoni. Ila binadamu hukimbilia alikoingilia, mwanangu. Kitone kimoja kiwe mama, kigeuke kumtafuta mwanawe. Ukiona kinakanyagwa, panua njia, ongeza mlango, ujaribu tena, wala usichoke mpaka watoke wote wawili.

Mola akujalie kuiona hatari ingali mbali, na kila atakayeingia mahali ulipopapanga wewe, arudi kwao mzima. Amin.