Vyumba Vitatu vya Majengo

Vyumba vile vitatu tuliviweza kwa sababu hakuna mwingine aliyevitaka. Nyumba ilikuwa kuukuu, kuta za udongo, paa la madebe yaliyonyooshwa, ujia mrefu katikati na vyumba vitatu kila upande. Upande wa kulia ulikuwa wa mama mmoja wa Kinubi, muuza maandazi mwenye watoto wengi. Wa kushoto ulikuwa wa mzee Mswahili, na mpangaji wake alichukuliwa na askari asubuhi moja, akipigwa kutoka kitandani mpaka barabarani. Meno yake yaliokotwa kwenye ujia. Mzee akaviuza kwa bei ya kutupa, akasema yeye anarudi kwao pwani, Imajensi hii, hali ya hatari ya Wazungu, anatuachia wenyewe.

Mimi nilivitaka vyumba vile kama mtu mwenye njaa. Kwetu ni huko juu, mashambani Embu, na nyumba ya mama yangu niliiona ikiwaka. Homugadi, watu weusi wenzetu waliopewa bunduki na serikali, walituacha tutoe sufuria na mbuzi, kisha wakatia moto paa la nyasi, tukasukumwa katika kijiji cha serikali, kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Aliyejikokota alitiwa kitako cha bunduki mgongoni. Nilipoolewa Majengo, mtaa wa Waislamu mjini, nikasilimu, nikakaa chumba cha kupanga nyuma ya bucha. Kila siku nikawa namwambia mume wangu nataka nyumba yetu.

Yeye alikuwa mchinjaji. Mtu wa Majengo hasa: baba Mkamba, mama mchanganyiko wa kila kitu, Waislamu tangu babu. Mikono mikubwa, moyo laini, na kichwa kigumu, wallahi, sijaona mfano wake. Alichomachoma kisu ukutani kutafuta mchwa, mzee akitazama pembeni kwa aibu, kisha akaniuliza tu kama nimepapenda. Nikasema nimepapenda. Basi, yakaisha.

Ijumaa, baada ya sala, akachinja mbuzi kizingitini kama wafanyavyo watu wa Majengo wakiingia nyumba: damu iende shimoni, dua isomwe, nyama igawanywe kwa majirani wote. Ujia ukajaa Wanubi, Wakamba, Wasomali wauza ngozi, Wameru wa miraa. Hayo ya kawaida. Lakini bwana huyu akakumbuka nilivyomsimulia desturi ya kwetu, kwamba wenye nyumba huvaa mkononi ukanda wa ngozi mbichi ya mbuzi yule. Akakata mmoja akanivisha, mwingine akajivika. Nikamwambia avue, siku hizi si za mchezo, hata mtoto anajua watu wa msituni wanaopigana na Wazungu nao huvishana ngozi ya mbuzi wakilishana kiapo. Akanicheka. Nani atamdhania yeye, Mwislamu, mchinjaji wa mji mzima? Wangu niliutupa motoni. Wake ukabaki mkononi, kwa kunifurahisha mimi.

Homugadi walikuja na lori. Nani alipeleka habari sijui, na ningemjua nisingekuwa naongea nanyi hapa. Walianza kupiga kabla ya kuuliza. Shehe aliyekuwa akisoma dua alipigwa rungu la kinywa, akameza maneno na damu pamoja. Msomali mmoja alisukumwa akaangukia sufuria ya mchuzi uliokuwa ukichemka, na kelele zake sitaki hata kuzieleza. Mkubwa wao, mtu wa huko kwetu aliyevaa koti la jeshi, akaona shimo la damu, akaona nyama na watu waliobanana, halafu akashika mkono wa mume wangu akauinua juu. Hakuhitaji ushahidi mwingine.

Mume wangu akaanza kueleza habari za dua na nyumba mpya. Kila neno lilijibiwa kwa rungu. Wakamlaza mkono kizingitini wakaupondaponda kwa kitako cha bunduki, vidole vikaenda kila upande. Mimi nilimng'ata homugadi mmoja bega mpaka nikahisi mfupa, akanipiga kibao cha upande huu. Sikio hili halijasikia tena.

Kisha yule mkubwa akasema taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Kiri, tukuchukue wewe peke yako. Ukikataa, nyumba ya kiapo tunaichoma."

Paa letu lilikuwa moja na la mama wa Kinubi, nalo liligusana na la nyumba ya pili, la pili na la mwenzake. Mnubi yule alikuwa amesimama mlangoni pake, watoto wamemng'ang'ania. Nikapiga kelele kwamba waichome, wachome na mabati ya dunia nzima, asiseme kitu. Mume wangu akanitazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

"Nilikula kiapo," akasema. "Peke yangu. Hawa walikuja kula nyama tu."

Mwongo! Mtu ambaye hajawahi kukosa sala, kiapo atakila wapi? Walipokuwa wakimrusha kwenye lori, nikaingia ndani, nikatoka na chupa ya mafuta ya taa, nikamwagia mlango wote. Nilijiambia nyumba ikiungua, kukiri kwake hakutakuwa na maana, watamrudisha. Nilikuwa nimeshashika kiberiti Mnubi aliponirukia. Alinipiga ngumi ya tumbo, akanilaza chini, akanikalia.

"Wanangu watalala wapi?" akaniambia. "Dada, wanangu watalala wapi?"

Nilimtukana yeye, nikamtukana mume wangu, nikamtukana mzee wa pwani. Alizidi kunibana, tukilia wote wawili kwenye tope la mafuta na damu, mpaka lori likaacha kusikika.

Alifia kizuizini. Nimemlilia na nimemwombea, namwombea hata leo. Lakini kumsamehe kwamba hakuwaacha waichome ile nyumba, hilo bado.