Kunde za Bwana Kombo

Uani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, kulinuka ukindu uliochemshwa na rangi, mwaka mzima. Ni harufu ya majani mabichi iliyochanganyika na uchachu wa rangi ya dukani, zambarau na kijani, na ilikuwa haitoki kwenye kanga za mama hata zikifuliwa mara mbili. Kila alasiri, vyombo vya mchana vikishaoshwa, wanawake wa nyumba nne tano za jirani waliingia kwa mlango wa nyuma, wakakunja miguu, wakasuka ukili wa mikeka. Mikeka hiyo haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya chama cha kuzikana cha mtaa wetu, ya kukalia watu matangani na ya kufunikia jeneza. Wanaume walikuwa na vikao, uenyekiti na ufunguo wa stoo ya chama. Wanawake walikuwa na mikeka. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kama kumi hivi. Sikuona ajabu yoyote katika mgawo huo.

Nilikuwa na kipaji kimoja, na leo natamani Mungu angempa mtoto mwingine. Nilikuwa hodari wa kuwaigiza watu. Nilijua muuza samaki anavyovuta mguu, bibi wa nyumba ya tatu anavyokohoa kabla ya kuomba chumvi, hata baba anavyosafisha koo akitaka chai. Mama alinikemea, lakini alinikemea huku akibana midomo asicheke, na mtoto huona. Shabiki wangu mkubwa alikuwa shangazi Mwanaidi, dada yake baba, aliyeolewa na fundi cherehani nyumba mbili kutoka kwetu. Yeye alicheka mpaka akapiga sakafu kwa kiganja na kufuta machozi kwa ncha ya kanga. Kwa kumchekesha shangazi ningeweza kumuigiza mtu yeyote, awe mzima, awe mgonjwa. Nilikuwa na tamaa ya kicheko chake kama watoto wengine wanavyotamani visheti.

Basi mwenyekiti wa chama akahamia Pangani kwa wanawe, na watu wawili wakataka nafasi yake. Wa kwanza alikuwa Bwana Kombo, mwenye duka la nguo, na wa pili Maalim Sefu, aliyetusomesha Kurani. Ikaamuliwa wasimame wote wawili uwanjani mbele ya chuo cha Kurani, baada ya sala ya alasiri, kila mmoja aseme atakachofanya, na wanachama wawapime. Wanawake hawakuwa wakienda penye mikutano ya wanaume, lakini kila mke wa mwanachama alikuwa na kura yake, na kura hiyo ilikuwa punje. Kikapu chenye kifuniko kilipitishwa uani: anayemtaka Bwana Kombo alitia kunde, anayemtaka Maalim alitia choroko. Na kwa kuwa hawakusikia lolote kwa masikio yao, ilibidi msichana mdogo aende akasikilize, arudi awaeleze. Hapakuwa na ubishi juu ya nani atumwe. Kwa hiyo naweza kusema kwamba kwa wanawake wa uani kwetu mimi ndiye niliyekuwa televisheni, miaka mingi kabla yeyote kati yetu hajaliona sanduku hilo.

Bwana Kombo alitangulia. Alikuwa mrefu, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na sauti yake ilifika bila kulazimishwa. Aliwasalimu wazee mmoja mmoja kwa majina, akawaombea marehemu, akasema mtaa wetu ni mtaa wa heshima na heshima haiji hivi hivi. Watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Nimejaribu mara nyingi tangu siku ile kukumbuka aliahidi nini, na sijapata hata kitu kimoja. Kisha akasimama Maalim Sefu, mfupi, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Alikuwa na kigugumizi. Akisoma Kurani ulimi wake ulikuwa mwepesi kabisa, lakini maneno yake mwenyewe yalimkwama kooni. Yakikwama alifumba macho na kujipigapiga paja, kama anayemhimiza punda. Siku ile neno la kwanza lilimkwama kwenye wa-wa-wa-wa kwa muda mrefu hata wanaume wengine wakatazama chini.

Neno lenyewe lilikuwa “wanawake”, na likishatoka, yaliyofuata yalitoka pia, polepole. Alisema kwamba kwa kanuni ya chama mwanamke huzikwa na chama kwa kuwa ni mke wa fulani. Akiachwa, hata kama amesuka mikeka ya msibani miaka ishirini, hana chake tena: si jeneza, si sanda, si huo mkeka aliousuka. Yeye akichaguliwa, alisema, kila mwanamke ataandikwa kwa jina lake mwenyewe. Nilisikia yote. Nilikuwa nimekaa mbele, karibu na ngazi ya chuo, na sikuwa mtoto mjinga. Nilielewa kila neno, tena niliona kwamba ni maneno mazito. Nayaandika haya kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikuelewa.

Niliporudi walikuwa wananingoja, ukili mikononi. Nikaanza na Bwana Kombo, nikanyoosha shingo, nikatoa sauti ya kifuani, wakasema ndiye huyo huyo, hajapungua. Kisha nikajikunja nikawa Maalim Sefu. Nikafumba macho, nikajipiga paja, nikasema wa-wa-wa-wa. Uani kukalipuka. Shangazi Mwanaidi aliangusha ukili wake, akalala ubavu. Nikarudia, na mara ya pili nikaongeza mate mdomoni, jambo ambalo Maalim wa watu hakulifanya. Mama peke yake ndiye aliyeinua uso.

“Sasa alikuwa akisema nini, mwanangu?”

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa hapa, mdomoni. Lakini shangazi alikuwa ananipungia mkono nirudie mara ya tatu, na nilijua nikianza kueleza habari za kanuni na jeneza, kicheko kitakatika.

“Hata sikuelewa, mama,” nikasema. “Maneno yalimganda.” Na nikarudia.

Kikapu kilipopita, shangazi alisema kwamba mtu wa kuwasemea mbele za watu lazima awe na ulimi, akatia kunde. Wengine wakafuata. Mama alishika choroko kwa muda, halafu na yeye akatia kunde. Jioni tukasikia kwamba kwa wanaume wagombea walikaribiana sana, ila kikapu cha wanawake ndicho kilichompa Bwana Kombo ushindi. Nilipewa kashata, nami nikaila.

Haikupita miaka miwili, fundi cherehani akamwacha shangazi. Akarudi kwetu na sanduku lake na bahasha ya talaka, na alasiri ya siku ya pili yake akaketi uani kusuka, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoizoea. Masika hayo akashikwa na homa, na asubuhi moja hakuamka. Baba alikwenda kwa Bwana Kombo kuomba jeneza na sanda. Bwana Kombo alimpa pole nzuri sana, baba mwenyewe aliisifu, kisha akamweleza kwamba kanuni inamtambua mke wa mwanachama na watoto wake, dada hayumo. Majirani walikuja, kwa sababu Mwislamu haachwi bila kuzikwa, lakini jeneza na mikeka vilibaki stoo, na nusu ya mikeka ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Mama alizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta bafta ya sanda, hapa kipande, pale kipande. Wakambeba shangazi juu ya kitanda chetu cha kamba, kile kile nilichokuwa nikilalia.

Maalim Sefu ndiye aliyefika mwanzo. Alisoma dua barazani bila kukwama hata mara moja, kisha akashika mguu wa mbele wa kitanda na hakukubali kupokewa mpaka makaburini. Waliporudi nikatumwa na birika niwamiminie maji ya kunawa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama. Akafumba macho, akangoja neno lije.

“Ni-nisamehe, mwanangu,” akasema. “Siku ile ni-nilishindwa kulieleza vizuri.”

Nilikuwa mtu pekee katika nyumba ile niliyejua kwamba alilieleza vizuri. Nilimmiminia maji mpaka birika likaisha. Hata mama sikumwambia hadi alipokufa yeye naye, akiamini kwamba siku ile Maalim hakueleweka.

Sasa nakaribia miaka themanini, na aibu hii haijazeeka pamoja nami. Juzi juzi wagombea urais wa nchi jirani waliwekewa mdahalo kwenye televisheni, na nyumba yangu nzima ilikesha ikitoa alama: huyu katoka jasho, yule tai imempinda, huyu mama kajibu kwa madaha. Nikawaambia wajukuu, kwa sauti ya mtu mzima anayejua, kwamba wasikilize watu wanasema nini. Nilijiona nimelipa deni la zamani. Kesho yake asubuhi mjukuu wangu wa kike akaniletea simu. Mgombea mmoja alikuwa amekwama kwenye neno, na mtu fulani alikuwa amekikata kipande hicho, akakirudiarudia na kukitia ngoma. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ubavu, nyumba nzima tukacheka, na nilipopata pumzi ndipo nikamwuliza alikuwa anasema nini yule bwana.

“Sijui, bibi,” akanijibu. “Kipo hiki tu.”

Akakibonyeza tena ili nione vizuri, na kabla sijajizuia nilikuwa nimeshacheka mara ya pili.