Uzi Aliyeachwa Bila Kuagwa

Fundi wa nguo alikuwa na mjukuu aliyempa jina la Uzi, maana alikopita yeye, mtoto alikuwa nyuma kama uzi wa sindano. Wazazi wa mtoto walikuwa watu wa kazini, kutoka alfajiri na kurudi usiku umeingia, kwa hiyo Uzi alilelewa dukani kwa babu, chini ya meza ya cherehani. Kazi yake ilikuwa kuchambua kopo la vifungo: vyeupe huku, vyeusi kule, vilivyovunjika mdomoni, mpaka babu amtemeshe.

Jambo moja fundi hakulifanya hata siku moja: kumwondokea mtoto kimyakimya. Hata akienda msalani alisema, "Uzi, nakwenda, narudi."

Naye hujibu, "Nenda, rudi."

Ndivyo alivyolelewa fundi mwenyewe, enzi mtu alipokuwa mtu. Aliyeondoka nyumbani bila kuaga, ama aliiba ama alikufa.

Uzi alipofika miaka mitatu, baba yake akaamua aende chekechea. "Mzee, watoto wa jirani wanahesabu mpaka ishirini. Huyu wetu anajua vifungo tu."

"Kwani vifungo havihesabiki?"

"Baba, usianze."

Kazi ya kumpeleka ikamwangukia fundi. Asubuhi ya kwanza, njiani, mtoto alimbana mkono. "Babu, utaniaga?"

"Lini sikukuaga?"

Chumba cha chekechea kilinuka rangi mpya na mkojo. Ukutani palichorwa bata aliyevaa viatu. Watoto walikuwa wakilia: mmoja ameganda mlangoni kama askari, mwingine amekumbatia kiatu chake kimoja na hataki kukiachia. Mwalimu, binti mwenye sura njema na macho ya kukosa usingizi, alimvuta fundi kando.

"Babu, akigeuka tu kutazama midoli, wewe potea."

"Nipotee?"

"Ukimuaga atalia. Akilia mmoja wanalia wote, na mimi mikono ninayo miwili."

"Nimemwahidi, mwanangu."

"Atakumbuka huyu? Wahenga walisema, Babu, mchelea mwana kulia hulia yeye."

Fundi akaduwaa. Mila za wazee zimetupwa zote, zimebaki methali zao tu, za kuwachapia wazee wenyewe.  Uzi alipogeukia midoli, fundi akavua viatu, akatoka akinyata kama mwizi aliyesikia mbwa. Akasimama nje, chini ya dirisha. Kwanza kimya. Kisha sauti ndogo, isiyo na hofu bado, kama inayomtafuta nyuma ya meza: "Babu?" Halafu tena. Kilio kilikuja baadaye.

Tangu siku hiyo Uzi hakugeuka tena. Aliingia darasani kinyumenyume, ngumi imefumbata pindo la shati la babu, na mdoli akioneshwa hata hautazami. Dukani vifungo aliviacha, maana vifungo vyataka mtu ainamishe macho. Alikaa akiitazama miguu ya babu juu ya kanyagio la cherehani, akiilinda isiende popote. Na kila asubuhi hatimaye alipepesa macho, na kila asubuhi babu alitoroka.

Wiki ya pili fundi alishindwa kuvumilia. Alikwisha kufika getini akarudi, akasimama mlangoni. "Uzi, babu anakwenda, anarudi."

Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ametulia na chaki yake. Alijitupa chini, akapiga ukelele, na chumba kizima kikaitikia.

"Babu, umenimaliza!" alisema mwalimu, naye karibu kulia.

Jioni mwanawe akamjia. "Baba, mwalimu amepiga simu. Kuanzia kesho unamkabidhi getini. Ndani huingii."

"Nilikwenda kuaga tu."

"Aga nyumbani."

"Nyumbani simwachi, natoka naye."

Mwana akacheka. Fundi hakuwa ametania.

Ikawa msaidizi wa mwalimu humpokea Uzi getini, akamkwapua kama furushi. Fundi aliliambia "nakwenda, narudi" lango lililofungwa. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, na asubuhi moja hakikuwapo kabisa. Uzi aliingia peke yake, bila kutazama nyuma.

"Amezoea!" mwalimu aliita kutoka dirishani. "Hongera, Babu!"

Nyumbani walifurahi, mkwewe akanunua soda. Fundi aliinywa nusu, akaiweka chini. Yeye alizijua nguo. Kitambaa kikivutwa mno hulegea, hakirudi tena, na asiyejua hudhani kimekaa sawa.

Jumamosi Uzi alirudi chini ya meza na kopo lake. Moyo wa mzee ukachanua. Akainamia mkono wa koti, akashona, akasema, "Uzi, nipe kile cheusi kikubwa."

Kifungo hakikuja. Akachungulia. Vifungo vimepangwa, kopo limefunikwa, mtoto hayupo.

Alitoka mbio, utepe wa kupimia unamning'inia shingoni. Akamkuta kwa kinyozi, mlango wa pili, ameketi anatazama televisheni.

"Uzi! Mbona hukuniaga?"

Mtoto alimtazama kama atazamavyo wateja.

"Ulikuwa huangalii."

Fundi alimshika mkono, wakarudi dukani. Jioni, akienda msalani, aliaga kwa mazoea: "Uzi, nakwenda, narudi."

Mtoto alikuwa palepale chini ya meza. Hakujibu.