Siku Ndege ya Madaktari Ilipogeuka

Moshi wa samadi kavu ya ng'ombe ukikuingia puani utotoni, hautoki tena. Wiki iliyopita nilikuwa nje kidogo ya mji wa Shinyanga na wanafunzi wangu watano, vijana wanaojifunza urubani, nikiwafundisha somo la kwanza kabisa la hali ya hewa: kwamba upepo huitwa kwa kule unakotoka, si kule unakokwenda. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuelekea mashariki, sauti nimeikaza kama walimu tunavyopenda, mara moshi kutoka zizi la mtu ukatupitia. Nikanyamaza katikati ya sentensi. Mmoja wao akauliza, "Mwalimu, umesahau?" Nikamwambia hapana, nimekumbuka. Wao sikuwaeleza zaidi, maana mwalimu ana heshima yake ya kulinda. Nyinyi nitawaeleza.

Nilikulia kijiji kimoja nyuma ya Bugarama. Siku hizi magari ya mgodi yanapita usiku na mchana, lakini wakati ule tulikuwa na pamba, mtama, ng'ombe wengi, na wachimbaji wadogo waliopita na sururu begani wakielekea kwenye maduara yao, mashimo ya dhahabu. Tulikuwa pia na kiwanja cha ndege. Msifikirie makubwa. Kilikuwa kipande kirefu cha changarawe kilichofyekwa ili ndege ndogo ya madaktari iweze kutua, na ilitua mara moja kila baada ya miezi mitatu. Siku nyingine zote kilikuwa mali ya ng'ombe, ambao walipenda kulala pale kwa sababu changarawe ilishika joto.

Msimamizi wa kiwanja alikuwa Baba Mdogo Shija, mdogo wake baba yangu. Alifyeka majani, alifukuza ng'ombe, na siku ya ndege alipandisha soksi mlingotini. Soksi ni mfuko mrefu wa kitambaa, wa rangi ya chungwa na nyeupe, ulio wazi pande zote mbili. Upepo ukiingia unauvimbisha, na rubani akiwa juu anaona upepo unatoka wapi na una nguvu kiasi gani. Ndege ikiondoka tu, Baba Mdogo aliishusha, akaikunja vizuri, akaifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Bibi. Aliogopa wezi. Alifikiria wa nje tu, masikini, wa ndani hakumwazia.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimeshafanya uchunguzi wangu. Nilichoona ni hiki: Baba Mdogo anapandisha kile kitambaa, anatazama juu, na baada ya muda chuma kizima kinashuka kutoka mbinguni. Siku asizopandisha, hakuna ndege. Kwa hiyo kitambaa ndicho kilichoiita. Msinicheke. Kwetu Usukumani, baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Ndiyo maana kila kikundi cha wakubwa kilikuwa na samba, dawa ya kuvuta watu. Sisi wasichana wadogo tulikuwa na kikundi chetu, na wapinzani wetu wa kitongoji cha juu walikuwa na njuga, na waliimba vizuri kuliko sisi, hilo nalikubali leo kwa mara ya kwanza. Tulihitaji samba. Hakuna mganga ambaye angewapa watoto dawa kwa malipo ya michembe miwili ya viazi vilivyokaushwa. Ila mimi nilijua kilipo kitambaa chenye uwezo wa kuvuta ndege.

Tulikikata kwa wembe. Vipande tukafunga viunoni na mikononi, tukaenda kucheza, na naapa watu walihama upande wa pili wakatujia sisi. Tulishinda mpaka wenyewe tukaogopa. Baada ya hapo vipande vikachakaa, kimoja kikaliwa na mbuzi, na vilivyobaki tukavitupa shimoni. Nilijiambia ndege bado sana.

Haikuwa mbali kama nilivyodhani. Mwezi wa kumi tukatangaziwa kwamba safari hii ndege inaleta madaktari wa macho. Bibi yangu Kwandu, mama yake baba, alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na kwa miaka miwili alikuwa akitutambua kwa sauti na kwa hatua zetu. Mimi aliniita mayu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Minza. Hospitali ya kupasua macho ilikuwa mbali, na Bibi alikuwa amekataa katakata kupandishwa kwenye lori. Kwa hiyo tumaini lake lote lilikuwa kwenye ile ndege. Siku hiyo aliamka kabla ya jogoo, akaoga, akavaa kitenge chake kipya, akaniambia, "Mayu, leo nitaona kama kweli umekua na pua ya babu yako."

Ndege ilitarajiwa saa nne asubuhi. Saa mbili Baba Mdogo akavuta sanduku, akafungua, akakuta blanketi la Bibi peke yake. Sauti aliyoitoa siwezi kuiandika. Akatuuliza mmoja mmoja. Nilipofikiwa nilisema "sijui" haraka mno, hata kabla hajamaliza swali, lakini alikuwa amechanganyikiwa hakugundua. Alikusanya samadi kavu na majani mabichi, akawasha moto mwisho wa kiwanja ili moshi umwoneshe rubani upepo. Wazee walimsifu kwa akili hiyo. Mimi sikutulia. Moshi ungewezaje kuita ndege?

Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Tulikaa pembeni mwa kiwanja, wagonjwa na ndugu zao, jua likitupiga. Moshi ulikuwa ukiinama polepole kuelekea kusini. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kupandiana, meupe juu, na chini yamekatika sawasawa kama yamepigwa rula. Nilikuwa nayatazama kwa kukosa mahali pengine pa kutazama, kwa sababu kila nikigeuka niliona uso wa Bibi.

Karibu saa nane upepo ukakata kabisa. Moshi ukasimama wima. Ndipo tukausikia mlio, na watu wote wakainuka. "Inakuja!" Ndege ikatokea kaskazini, ikazunguka mara moja juu yetu, chini kiasi kwamba niliona magurudumu. Bibi alikuwa ameshika bega langu. Moyo wangu ukaanza kupoa. Nikawaza labda moshi nao una nguvu zake.

Mara baridi. Baridi ya ghafla, mwezi wa kumi, saa nane mchana. Moshi uliokuwa umesimama ukalala chini wote kwa mara moja kuelekea magharibi, na kutoka mashariki ukaja ukuta wa vumbi jekundu ukiparamia mabua ya pamba. Ndege ilikuwa imeshaanza kushuka. Ikainua pua, ikaunguruma, ikageuka, ikarudi kaskazini ilikotoka. Tuliitazama mpaka ikapotea.

Halafu mvua ikanyesha. Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu, na watu ni watu: dakika kumi tu baadaye wanawake walikuwa wakipiga vigelegele na wanaume wakiulizana kuhusu majembe. Bibi alibaki amesimama palepale, kitenge kipya kimemgandama mwilini. Nilimshika mkono nikamrudisha nyumbani. Njiani nilishindwa. Nilimwambia yote, samba, wembe, mbuzi, huku nikilia kwa kwikwi. Nikamwambia, "Bibi, mimi ndiye niliyeifukuza ndege yako."

Aliukaza mkono wake kwenye wangu. Kisha akasema, "Majuto ni mjukuu. Na mjukuu mwenyewe ndiye wewe. Basi utanishika mkono mpaka ndege irudi."

Baba Mdogo aliambiwa na Bibi kwamba panya ndio walioila soksi. Aliamini, akaleta paka.

Kwa miezi mitatu nikawa macho ya Bibi. Wenzangu walikwenda kucheza, mimi nilimwongoza kisimani, shambani, kanisani, kwa jirani aliyefiwa. Mwanzoni nilihesabu siku. Baadaye nikaacha, kwa sababu Bibi hakuwa mtu wa kukaa naye ukachoka. Kila asubuhi alisimama uani na kuuliza, "Haya mayu, mawingu yakoje?" Nikijibu kwamba mvua itanyesha, alinikatiza. "Sikukuuliza itakuwaje. Niambie unachokiona." Nikajifunza kumweleza: wingu liko upande gani, kitako chake kimenyooka au kimechanika, limepanda kwenda juu au limetandazwa, linatembea au limesimama. Yeye aligeuza shavu moja, kisha la pili, akausikiliza upepo kwa ngozi, ndipo akasema kama tuanike mtama au tuache. Akikosea alisema kosa ni langu, sikumweleza vizuri. Akipatia, alijisifu mchana kutwa.

Ndege ilirudi mwezi wa kwanza, siku angavu, upepo wa wastani. Madaktari walikuja na soksi mpya, na Baba Mdogo aliipandisha huku akinitazama, sijui kwa nini. Walimpasua Bibi jicho moja palepale kwenye zahanati. Kesho yake walipofungua bandeji alinitazama muda mrefu, akasema pua si ya babu, ni ya upande wa mama yangu, basi tena, haina dawa. Nilicheka na kulia. Ila hatia haikuniondoka. Miezi mitatu ya giza nilimwongezea mimi, na nilikua nikijua hivyo.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nimekaa darasani kama wanafunzi wangu wanavyokaa leo, mwalimu wetu akichora wingu la radi ubaoni. Akatueleza kwamba ndani yake hewa baridi huporomoka pamoja na mvua, ikifika ardhini haina pa kwenda, inasambaa na kukimbia mbele ya mvua yenyewe. Kwanza upepo wa kawaida hukata. Kisha hugeuka ghafla, unakuja wa baridi na wenye nguvu, mara nyingi na vumbi. Ndege inayotua ikikutana nao, upepo unaweza kuiinua ukivuma kutoka mbele, na papo hapo kuitupa chini ukigeuka kutoka nyuma. Rubani mwenye akili, alisema, haendelei kushuka. Anaondoka.

Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Niliuona moshi wa Baba Mdogo ukiinama kusini, ukisimama, ukilala magharibi. Ulikuwa umefanya kazi yote ya soksi, na zaidi. Rubani aliuona, akaona na vumbi, akageuka. Hata kama soksi ingekuwepo mlingotini, nzima, mpya, ndege ile isingetua. Ingetua, wote waliokuwa ndani pengine wangekufa mbele ya macho yetu. Nilitoka nje ya darasa nikasimama kwenye varanda nikijifuta uso. Sikuwa na hatia. Sikuwa nayo tangu mwanzo.

Habari hiyo niliihifadhi miaka kadhaa, nikitafuta siku nzuri ya kumpelekea mwenyewe. Likizo iliyopita nikaenda. Bibi ni mzee sana sasa, amekuwa mdogo hata kiti kimemzidi, lakini jicho lile moja bado linafanya kazi, na mdomo vilevile. Nilimwamkia, akaitikia, nikakaa karibu naye nikamweleza. Nilimchorea hata wingu ardhini kwa kijiti. Nilimwonesha hewa inavyoporomoka na inavyokimbia. Nikamalizia, "Kwa hiyo Bibi, haikuwa soksi. Ilikuwa mvua."

Aliutazama mchoro wangu kwa adabu.

"Najua," akasema.

"Umejua lini?"

"Siku ileile. Ile baridi si ilinipiga usoni mimi? Ninyi mlikuwa mnatazama ndege. Mimi nilikuwa sina cha kutazama. Nikasema moyoni, yaya, hapana, huyo hatui, na afadhali asitue."

Nilihisi hasira ikinipanda, ya kitoto kabisa. Nilimwuliza kwa nini aliniacha nibebe mzigo ule miaka yote hiyo.

"Nilidhani uliutua siku waliponifungua jicho," akasema, na nikaona amehuzunika kweli. "Ungeniambia bado unao, ningekwambia siku nyingi. Lakini pale njiani, mayu, mvua inanyesha, ndege imekwenda, sioni hata mkono wangu. Ningekwambia kosa si lako, ungerudi kwenye ngoma zako. Mimi ningebaki na nani?"

Kitoto cha miaka tisa kilikuwa kimeamini kinalipa deni, kumbe mtu mzima alikuwa anaogopa giza na akashika kilichokuwa karibu. Baadaye akaniuliza mawingu yakoje huko nyuma ya nyumba, maana shingo yake haigeuki vizuri siku hizi, nami nikainuka nikaenda kumtazamia.